Ruhusa ya Kupita

Katika mji wa Chester, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, karibu kabisa na mpaka wa Wales, mtu anaweza kununua viatu akiwa amesimama katikati ya nyumba ya mtu mwingine. Anapanda ngazi za mawe kutoka barabarani na kujikuta kwenye ubaraza mrefu uliofunikwa: mkono mmoja maduka, mkono wa pili vizuizi vya mbao, na ng'ambo ya vizuizi hivyo barabara iko chini, wapita njia wakionekana utosi. Juu ya kichwa chake kuna vyumba, navyo vina mwenyewe. Chini ya nyayo zake kuna duka jingine, ambalo mlango wake unaitazama barabara. Akifika mwisho wa nyumba hiyo hashuki. Anaingia ya jirani, kisha ya jirani wa jirani, sakafu ikipanda kidogo hapa na kushuka kidogo pale kwa sababu kila mjenzi alipima kivyake. Mvua ya Cheshire, ambayo haijui msimu, inanyesha ubavuni mwake bila kumgusa.

Njia hizi huitwa Rows, nami nitaziita Safu. Zinaanzia kwenye njia panda ya katikati ya mji, mbele ya kanisa la Mtakatifu Petro, na kufuata barabara nne zinazotawanyika kutoka hapo: Eastgate, Watergate, Bridge na Northgate. Njia zilizofunikwa si ajabu ya Chester peke yake. Bologna, kule Italia, ina kilomita nyingi za nguzo na matao, lakini zile ziko usawa wa barabara. Hapa njia imeinuliwa ghorofa moja, ikapitishwa ndani ya mali za watu kwa zaidi ya miaka 700, na hakuna hati hata moja inayoonyesha ni nani aliyeamuru iwe hivyo.

Watalii hupiga picha mbao. Mihimili myeusi, chokaa nyeupe, madirisha yaliyochongoka kuelekea barabarani: ndiyo Chester ya kwenye kadi za posta. Siwalaumu, maana inapendeza. Ila sehemu kubwa ya wanachokipiga picha ni kazi ya mafundi wa karne ya 19, waliovaa saa za mfukoni na kusafiri kwa treni. Kilicho kikongwe Chester hakikai vizuri kwenye picha. Ni ruhusa ya kupita.

Warumi ndio waliochora barabara. Katika miaka ya 70 baada ya Kristo walijenga hapa ngome waliyoiita Deva, ambayo baadaye ikawa makao ya jeshi lao la Ishirini, Valeria Victrix. Eastgate na Watergate za leo zinafuata barabara kuu ya ngome hiyo iliyokata mashariki kwenda magharibi. Bridge inafuata nyingine iliyoshuka mtoni, kwenye mto Dee. Walipoondoka waliacha mawe mengi kuliko watu wa kuyatumia. Wapo wanaosema kwamba mawe hayo ndiyo yaliyozaa Safu: wajenzi wa zama za kati walikuta kifusi kimeinuka pande zote mbili za barabara, wakaweka duka moja mbele ya kifusi na jingine juu yake. Ni maelezo matamu, na huenda yana chembe ya ukweli. Lakini York nayo imejengwa juu ya ngome ya Kirumi, na York haikuota Safu.

Sababu moja haitoshi, na nadhani kosa la waliotangulia ni kuitafuta moja. Mwezi Mei 1278 moto uliteketeza karibu mji wote uliokuwa ndani ya kuta. Mwaka mmoja kabla, mfalme Edward wa Kwanza alikuwa ameanza vita vyake vya kuitia Wales mkononi. Alirudi tena 1282. Chester ndiyo ilikuwa ghala na jiko la vita hivyo. Nafaka, mvinyo, vyuma, farasi, mishale, maseremala na waashi waliokwenda kujenga kasri za Flint, Rhuddlan, Conwy na Caernarfon, wengi walipita hapa. Mmoja wa mafundi wakuu wa mfalme alikuwa mtu wa Chester aliyejulikana kama Richard Mhandisi, ambaye baadaye akawa meya wa mji. Hebu weka pamoja: viwanja vilivyoungua, fedha ya mfalme ikizunguka mitaani, na mafundi bora wa nchi wakiwa wamelala nyumba za wageni za mji huohuo. Kufikia miaka ya 1290 hati zinaanza kutaja Safu kwa jina, tena kwa namna ya kawaida tu, kama jambo ambalo kila mtu analijua.

Kisha kuna mwamba. Chini ya udongo wa Chester kuna mawe mekundu ya mchanga, nayo hayako mbali. Katika miji mingine mfanyabiashara wa zama zile alichimba ghala lake likazama lote ardhini, na nyumba yake ikakaa juu, usawa wa barabara. Huko Chester alichimba kidogo, jembe likagonga mwamba, akaishia hapo. Ghala lake likawa nusu chini, nusu juu. Sakafu ya nyumba yake nayo ikainuka juu kuliko mguu wa mteja unavyoweza kupanda, hivyo akaweka ngazi, na mbele ya mlango akaweka ubaraza wa kusimama. Jirani yake akafanya vivyo hivyo, kwa sababu mwamba wake ni uleule. Siku moja mmoja wao alitoa ukuta uliotenganisha baraza zao mbili, au pengine hakuujenga kabisa. Hatua hiyo ndogo, ambayo hakuna mwandishi aliyeiona kuwa inastahili wino, ndiyo iliyoufanya mji.

Kwa mfanyabiashara hesabu ilikuwa wazi. Viwanja vya mjini vilikuwa vyembamba na virefu, kwa sababu kila mtu alitaka uso wake uwe barabarani na hapakuwa na uso wa kutosha. Safu iliuzidisha uso huo mara mbili. Chini, ghala la mawe lenye kuba, lisiloshika moto kirahisi, lilifaa kwa mvinyo wa Gascony uliopandishwa kutoka bandarini kupitia Watergate, na baadhi ya kuba hizo zipo mpaka leo, watu wakila na kunywa ndani yake. Juu, kwenye Safu, vibanda na maduka madogo ya kupangisha. Nyuma ya maduka, ukumbi wa mwenye nyumba, mkubwa na wa giza. Na juu ya yote, vyumba vya kulala vilivyosogezwa mbele mpaka vikaifunika njia, kwa kuwa hakuna mwenye mali mjini anayeacha hewa ikae bure. Paa linalomkinga mpita njia dhidi ya mvua halikujengwa kwa huruma. Ni sakafu ya chumba cha mtu aliyetaka nafasi zaidi.

Upande wa barabara, kati ya njia na vizuizi, kuna kitu ambacho mgeni hukiona asielewe kazi yake: jukwaa pana la mbao, limeinama kuelekea ndani, kama meza isiyo na adabu. Hapo ndipo muuzaji alipopanga bidhaa zake, ili mpita njia awe na biashara kulia na kushoto. Kuinama kwake kuna sababu ya chini: duka la barabarani lilihitaji mlango mrefu kiasi cha mtu kuingia bila kugonga kichwa, na nafasi hiyo ya ziada iliibwa kutoka sakafu ya Safu. Kila jambo katika jengo hili ni hivyo. Anachopata wa chini, wa juu amekitoa, na kinyume chake.

Kila biashara ilikuwa na sehemu yake. Palikuwa na Safu ya wauza vyuma, ya wapishi, ya waokaji, ya wauza nyama, ya washona viatu. Sehemu moja ya Northgate, ambako sakafu ilikuwa mbaya kuliko kwingine, wenyeji waliiita Safu ya Muundi Uliovunjika, jina ambalo nalipenda kwa sababu halikutungwa na ofisi ya utalii.

Sasa, hebu tulitazame jambo lenyewe. Njia ya aina hii haiwezi kuwa ya mtu mmoja. Ukiwa na ubaraza mzuri kuliko wote mjini na jirani zako wawili wakajenga kuta, ulicho nacho ni roshani. Ubaraza wako ni njia kwa sababu tu wa kulia na wa kushoto wameuacha wao wazi, na wao nao wanawategemea wenzao, mpaka mwisho wa barabara. Hakuna aliyeweza kuianzisha peke yake, ila yeyote aliweza kuiua peke yake. Msomaji wa Lamu au wa Mji Mkongwe wa Unguja anaifahamu nusu ya mambo haya, maana baraza ya mawe iliyo nje ya nyumba ni ya mwenye nyumba lakini hamfukuzi aliyeketi. Chester waliongeza nusu ya pili: si kuketi tu bali kupita, na si nje ya nyumba bali ndani yake. Na jambo lililoanza kwa mazoea likageuka haki. Kufikia mwisho wa zama za kati, mwenye nyumba aliyetaka kufunga sehemu yake hakuweza kujiamulia. Ilimpasa kwenda kwenye baraza la mji na kuomba.

Mwaka 1643 mmoja alikwenda kuomba, akakubaliwa.

Sir Richard Grosvenor alikuwa na shamba na jumba lake Eaton, maili chache kusini ya mji. Vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya mfalme Charles wa Kwanza na Bunge vilikuwa vimeanza, mashambani hapakuwa salama, naye akaamua kuihamishia familia yake kwenye nyumba yake ya mjini, huko chini ya Bridge Street. Nyumba ilikuwa ndogo. Mbele yake ilipita Safu. Aliomba aruhusiwe kuifunga ili apate vyumba zaidi, na baraza la mji, ambalo siku zile lilikuwa na mambo mazito kuliko baraza za watu, likaridhia. Ni rahisi kumwelewa. Baba mwenye watoto, majeshi yanazunguka, anataka ukuta mmoja zaidi kati yake na barabara. Nani angemkatalia?

Lakini mlolongo ulikuwa umekatika. Aliyekuwa na nyumba jirani alibaki na njia inayoishia ukutani, na njia inayoishia ukutani haina mteja. Naye akawa na sababu ya kuomba. Vita vilipokwisha, baada ya Chester kuzingirwa mpaka ikasalimu amri mwezi Februari 1646, na baada ya tauni ya 1647 kuua watu wapatao 2,000, mji ulikuwa na magofu ya kujenga upya na wenye fedha waliokuwa na ladha mpya. Mwaka 1676 Lady Mary Calveley alipata ruhusa ya kujenga nyumba ya mtindo wa kisasa, uso bapa ulionyooka, bila Safu. Wengine wakafuata. Leo ukitembea sehemu ya chini ya Bridge Street hukuti Safu yenye kuendelea kabisa; unashuka ngazi na kutembea barabarani kama mji mwingine wowote. Lakini kwenye Eastgate, ambako maduka yalikuwa na faida kubwa mno kiasi kwamba hakuna aliyetaka kupoteza wateja wa juu, mlolongo ulidumu. Sidhani watu wa Eastgate walikuwa wema zaidi. Walikuwa wauzaji, na wa chini ya Bridge Street walikuwa wamegeuka wakaaji.

Nyumba ile ya Grosvenor ipo. Ilikuja kuwa hoteli ndogo iliyoitwa Falcon, kisha katika karne ya 19 ikageuzwa nyumba ya kuuza kakao ili kuwavuta wanaume watoke kwenye pombe, na baadaye, kwa kuwa kakao haikushinda, ikarudi kuuza bia.

Isidhaniwe kwamba kila mtu aliyepanda ngazi hizi alifurahi. Daniel Defoe, aliyezunguka kisiwa kizima na kuandika habari zake katika miaka ya 1720, hakupendezwa hata kidogo. Aliona Safu zinaufanya mji uonekane mzee na mbaya, zinayatia maduka giza, na kumzuia mtu wa barabarani asiyaone. Ninamwamini. Hapakuwa na taa za gesi. Paa zilikuwa chini, moshi wa majiko ya wapishi ulikwama ndani, nguzo hazikulingana, na usiku njia iliyojificha kutoka barabarani ilikuwa na matumizi mengine ambayo baraza la mji lililalamikia. Defoe alikuwa mtu wa biashara, na alitazama kwa jicho la mtu anayejua kwamba bidhaa isiyoonekana haiuziki. Miaka 150 baadaye, mwaka 1872, alikuja Henry James kutoka Marekani, akayapenda mambo yaleyale ambayo Defoe aliyachukia: giza, kupinda, umri. Baadaye akaifanya Chester kuwa mahali pa kuanzia riwaya yake The Ambassadors, iliyotoka 1903. Ningesema tofauti ya wawili hawa haiko kwenye Safu. Defoe alizikuta zikiwa soko. James alizikuta zikiwa kumbukumbu, na kumbukumbu tunaisamehe giza.

Kabla ya wote wawili, Safu zilikuwa pia viti vya bure. Vyama vya mafundi vilionyesha michezo ya Biblia juu ya magari ya kukokotwa, tangu Uumbaji hadi Kiyama, kila chama na kisa chake. Magari yalisimama kituo kimoja baada ya kingine barabarani, na mtu hahitaji kubuni mengi ili kuona faida ya kuwa na ubaraza wa ghorofa ya kwanza uliofunikwa wakati gari la Nuhu linapita chini yako. Michezo ilikoma 1575; meya aliyeiruhusu mwaka huo, Sir John Savage, aliitwa kujieleza mbele ya Baraza la Malkia, kwa kuwa dini ya nchi ilikuwa imebadilika na mambo hayo yalinuka ukatoliki.

Mto Dee nao ulikuwa ukijaa mchanga. Meli zilisogea mbali na mji mwaka hadi mwaka, na hatimaye Liverpool ikaichukua bahari yote. Hilo liliiumiza Chester, na pengine ndilo lililoziokoa Safu. Mji wenye bandari inayokua huvunja na kupanua. Mji uliopitwa hutengeneza kilichopo.

Fedha iliporudi, ilikuja na reli, watalii na wanunuzi wa tabaka la kati. Ilipofika hapo Chester iliamua kuonekana ya kale. Kuanzia miaka ya 1850 wasanifu kama T. M. Penson, kisha John Douglas na T. M. Lockwood, walibomoa nyumba baada ya nyumba na kuzijenga upya kwa mihimili myeusi na chokaa nyeupe, kwa ufundi mkubwa na nakshi nyingi kuliko nyumba halisi za zamani zilivyowahi kuwa nazo. Jengo maarufu la kona ya Bridge na Eastgate, ambalo karibu kila kadi ya posta inalo, ni la Lockwood, la 1888. Hata God's Providence House ya Watergate, yenye tarehe ya 1652 usoni mwake, na inayosimuliwa kwamba tauni iliiruka, ilijengwa upya 1862. Saa ya rangi juu ya lango la mashariki, ambayo wengi hudhani ni ya kale, ni kazi ya Douglas ya 1899, kumbukumbu ya miaka 60 ya utawala wa Malkia Victoria.

Ningeweza kuwacheka. Lakini wasanifu hawa, waliobadilisha kila ubao, hawakuigusa njia. Walipobomoa nyumba yenye Safu walijenga nyumba yenye Safu. Uso ulikuwa wao, tumbo lilikuwa la mji. Kwa hiyo una jambo la kuchekesha kidogo: njia ya karne ya 13 inayopita ndani ya majengo ya karne ya 19 yanayojifanya ya karne ya 17.

Mzozo wa 1910 unalionyesha hili vizuri kuliko hoja yoyote. Mwaka huo Duke wa Westminster alijenga jumba jipya la maduka upande wa mashariki wa Bridge Street, St Michael's Row, likiwa na ukumbi mrefu wenye paa la kioo na kuta za vigae vyeupe vilivyong'aa, vilivyofinyangwa na kampuni ya Doulton. Uso wake wa barabarani nao ulikuwa mweupe wote, wa mtindo wa kifahari wa Ulaya. Mji ukapiga kelele. Jengo liling'aa mno, lilikuwa geni, halikuwa Chester. Duke akasikiliza, akaamuru sehemu ya juu ya uso ule ibomolewe, ikajengwa upya kwa mihimili myeusi na chokaa. Vigae vilibaki kwenye Safu na ndani ya ukumbi, na ukipanda leo utaviona, vyeupe kama chumba cha kuhifadhia maziwa. Waliopiga kelele walidhani wanautetea ukale. Walikuwa wanatetea mtindo uliokuwa na miaka kama 60 hivi. Wakati huohuo Safu yenyewe, kitu cha kale kweli, ilipita mbele ya vigae vile vipya bila kukatika hata hatua moja, na hakuna aliyelitaja hilo kwa kuwa hakuna aliyedhani ingeweza kuwa vinginevyo.

Duke huyo, ni vyema kusema, alikuwa Grosvenor. Ukoo uleule. Mzee wao wa 1643 aliikata Safu ili apate vyumba. Mjukuu wa vitukuu akabomoa sehemu ya jengo lake mwenyewe lililokuwa jipya kabisa ili Safu ionekane ya zamani. Na miaka ya 1960 ukoo huohuo, kupitia kampuni ya ardhi zake, ukashiriki kujenga kituo kikubwa cha maduka nyuma ya Eastgate na Bridge Street, kilichofunguliwa 1965, ambacho mtu hukiingia akitokea kwenye Safu bila kushuka ngazi. Wapo wasiokipenda. Mimi nakiona kuwa cha kweli kuliko majengo mengi ya Lockwood: hakijifanyi mzee, na kimeifanyia Safu kile ambacho kila mwenye nyumba wa karne ya 13 alimfanyia jirani yake, yaani kimeendeleza njia badala ya kuikatisha.

Lakini miaka hiyo ilikuwa ya hatari pia. Nyumba nyingi za nyuma na za juu zilikuwa tupu, paa zinavuja, mbao zinaoza, kwa sababu duka lilihitaji sakafu moja tu na ghorofa za juu zilisahauliwa. Serikali ilimtuma msanifu Donald Insall kuuchunguza mji, na ripoti yake ya 1968, mojawapo ya nne zilizohusu miji ya kihistoria, nyingine zikiwa za Bath, Chichester na York, ikaufanya mji uanze kutenga fedha zake wenyewe kwa ukarabati. Ndipo watafiti wakaanza kuingia ndani, nyumba kwa nyumba, wakipima kuta nyuma ya vioo vya maduka, na kugundua kwamba nyuma ya duka la kawaida lenye dari bandia kulikuwa na ukuta wa 1300 na mihimili yenye moshi wa wapishi waliokufa kabla ya Amerika kufikiwa na Columbus. Matokeo yake yalichapishwa 1999 katika kitabu kilichohaririwa na Andrew Brown. Mwenye duka alikuwa ameishi na ukuta huo miaka yote akiutundikia rafu.

Leo tatizo si la kufunga njia, ni la kuijaza. Duka lililo usawa wa barabara hupata mteja asiyepanga kuingia. Lililo juu linahitaji mtu aliyeamua kupanda. Browns, duka kubwa la Eastgate lililoanzishwa na Susannah Brown mwishoni mwa karne ya 18, likamilikiwa mwishoni na kampuni ya Debenhams, lilifungwa 2021 kampuni hiyo ilipoanguka. Vioo vyake virefu vilitazama Safu vikiwa vitupu, na watu waliendelea kupita mbele yake, kwa kuwa duka linaweza kufa lakini njia iliyo mbele yake si yake. Upande wa Watergate wapangaji ni wadogo: vinyozi, wauza samani kuukuu, wachora picha. Kodi ni nafuu zaidi juu, ndiyo sababu watu wenye biashara za ajabu ajabu huanzia huko. Nadhani ilikuwa hivyo hata 1300.

Na wapo wale ambao ngazi zilikuwa zimewazuia muda wote. Njia ya umma inayofikiwa kwa ngazi pekee ni ya umma wenye miguu mizima, na kwa karne nyingi hakuna aliyeona shida. Mji umefanya kazi ya kuunganisha Safu na miteremko na lifti, mara nyingi kwa kupitia majengo mapya yaliyo nyuma, na kwa jitihada zake Chester ilipewa tuzo ya Ulaya ya mji unaofikika kwa urahisi, ya mwaka 2017. Kwingine bado sakafu zinapanda na kushuka kutoka nyumba hadi nyumba, kwa vidato viwili hapa na kimoja pale, na mwenye kiti cha magurudumu akifika hapo hugeuka.

Halafu kuna maji. Mwenye ghala la chini anaona unyevu kwenye dari lake. Dari lake ni sakafu ya Safu, ambayo umma wote wa Chester una haki ya kuikanyaga. Sakafu hiyo imelala juu ya kuba lililo mali yake, mbele ya duka lililo mali ya mwingine, chini ya vyumba vilivyo mali ya wa tatu, na mvua iliyoingia imepulizwa na upepo kutoka barabarani, ambayo ni ya halmashauri. Nani alipie? Ni swali la kumfurahisha wakili, na kila nyumba ina jibu lake, kutegemea hati za karne gani zimepatikana kwenye kabati.